Nahodha Aliyepita Kasanga

Jina la Geoffrey Basil Spicer-Simson limo katika vitabu vingi vilivyoandikwa juu ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Yeye ndiye ofisa wa Jeshi la Majini la Uingereza aliyevusha boti mbili za vita juu ya milima ya Kongo hadi Ziwa Tanganyika, akazishinda manowari mbili za Wajerumani. Mwandishi C. S. Forester alichota katika habari hizo alipotunga riwaya yake ya mwaka 1935, na mwaka 1951 riwaya hiyo ikafanywa sinema iliyoonyeshwa dunia nzima. Lakini wengi wanaoijua sifa hiyo hawajui kwamba ilikomea Kasanga, mguuni pa uwanda wa juu wa Ufipa, katika siku chache za mwezi wa Juni 1916. Ndiyo sababu tumeona yafaa maisha ya mtu huyu yatazamwe kutoka Kasanga, wala si kutoka London.

Pengine ndugu zetu wa visiwani watauliza habari za ziwa la bara zawahusu nini. Zawahusu sana. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, ilipokuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo yake, ikaiangamiza pamoja na mabaharia wengi. Baadaye Königsberg ilijificha katika mikono ya mto Rufiji, mkabala na kisiwa cha Mafia, mpaka ilipoharibiwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake haikufa nayo. Wajerumani waliiopoa, wakaitawanya nchini kote, na mmojawapo ulisafirishwa kwa reli hadi Kigoma ukafungwa juu ya meli kubwa ya ziwani. Hivyo mzinga uliotoka baharini, katika maji wanayoyajua watu wa visiwani, ulipanda bara hadi ziwa la watu wa Ufipa, Ujiji na Kalemie. Katika vita hivyo bara na visiwa vilifungwa kwa kamba moja.

Spicer-Simson alizaliwa tarehe 15 Januari 1876 katika mji wa Hobart, kisiwani Tasmania, nchini Australia. Angali mtoto mdogo wazazi wake walihamia Ufaransa, katika mji wa bandari wa Le Havre, na huko akakijua Kifaransa kama lugha ya nyumbani. Mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 14, aliingia katika Jeshi la Majini la Uingereza. Tangu hapo hakujua kazi nyingine ila ya maji.

Kazi aliyoimudu vizuri zaidi ilikuwa ya kupima. Alishiriki katika kazi ya mipaka huko Borneo ya Kaskazini. Kati ya mwaka 1905 na 1908 alipima mto Yangtze nchini Uchina. Kutoka mwaka 1911 hadi vita vilipokaribia alikuwa Afrika ya Magharibi akipima mto Gambia. Upimaji wa maji ni kazi isiyo na shangwe. Mtu hushusha timazi, husoma kina, huandika, husogea hatua chache, hushusha tena. Akikosea dhiraa moja, meli ya mwenziwe itapanda mwamba miaka ishirini baadaye. Kazi hiyo yataka mtu asiyeamini macho yake mpaka ameyapima maji.

Katika kuongoza meli, kwa upande mwingine, hakuwa na bahati, na mara nyingine hakuwa na busara. Meli aliyoiongoza iligonga mashua, na mtu akapoteza maisha. Alipanda vyeo polepole kuliko wenzake wa rika moja. Vita vilipoanza mwaka 1914 alipewa kundi dogo la vyombo vya ulinzi katika mwambao wa Uingereza, kwenye bandari ya Ramsgate. Mwezi wa Novemba mwaka huo nyambizi ya Kijerumani iliizamisha manowari Niger, iliyokuwa katika kundi lake, mchana, karibu na pwani ya Deal. Wakati huo yeye alikuwa nchi kavu, hotelini. Baada ya hapo akawekwa mezani katika ofisi za Wizara ya Jeshi la Majini, na ilionekana kwamba safari yake ya baharini imekwisha.

Sasa tutazame ziwa lilivyokuwa. Mwanzoni mwa vita Wajerumani ndio waliokuwa wenye Ziwa Tanganyika. Walikuwa na meli Hedwig von Wissmann, iliyokuwapo tangu mwaka 1900, na chombo kidogo kilichoitwa Kingani. Tarehe 22 Agosti 1914 Hedwig iliishambulia meli ya Wabelgiji huko Lukuga, mahali panapoitwa sasa Kalemie, ikaifanya isifae tena. Zaidi ya hayo, kule Kigoma mafundi walikuwa wakiunganisha meli kubwa Graf von Götzen, iliyoundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam katika masanduku na kupandishwa bara kwa reli. Aliyelishika ziwa aliweza kupeleka askari na chakula popote ufukweni, tangu Usumbura hadi Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg na kuifanya boma lao la kutawalia sehemu hizo, Ufipa ikiwamo.

Shauri la kupeleka boti kutoka Uingereza halikuwa la Spicer-Simson. Lilikuwa la mwindaji aitwaye John Lee, aliyeijua nchi ya Kongo na ziwa kwa miguu yake. Mwezi wa Aprili 1915 alikwenda London akawaeleza wakubwa wa Jeshi la Majini kwamba boti ndogo zenye kasi zaweza kusafirishwa kwa meli, kwa reli na kwa kukokotwa milimani mpaka ziwani. Shauri lilikubaliwa. Alipotafutwa ofisa wa kuongoza, wengi wenye sifa walikuwa katika manowari zao, na Spicer-Simson alikuwa ofisini bila kazi kubwa. Alijua Kifaransa, lugha ya maofisa wa Kibelgiji, na alikuwa amefanya kazi Afrika. Akapewa.

Boti zenyewe zilikuwa mbili, kila moja na urefu wa futi 40, zikiwa na mzinga mdogo mbele na bunduki ya rashasha nyuma. Alipoombwa azipe majina alitaka kuziita Mbwa na Paka, kwa lugha yake. Wakubwa wakakataa. Akaleta majina Mimi na Toutou, yakakubaliwa, kumbe ni majina ambayo watoto wa Kifaransa huwaitia paka na mbwa. Tarehe 15 Juni 1915 msafara uliondoka Uingereza. Mabaharia hawakufika hata thelathini. Walipita Cape Town, wakapanda reli ndefu kwenda kaskazini, na mwanzoni mwa Agosti wakafika Fungurume, katika Katanga, mahali reli ilipowaachia.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo kwayo jina lake halijasahauliwa, na hapo ndipo tunapomwomba msomaji atazame kwa makini ni nani waliofanya nini. Kutoka Fungurume hadi reli nyingine iliyoanzia Sankisia kulikuwa na kilomita zaidi ya 200 za msitu, mabonde na milima ya Mitumba. Barabara haikuwapo. Watu wa nchi walikata miti, wakachimba mawe na kujenga madaraja. Injini mbili za mvuke zilizokokota boti zilipolemewa na mlima, walifungwa maksai. Maksai walipolemewa, watu walishika kamba. Injini zilipokauka maji katika nchi ya ukame, inasimuliwa kwamba kina mama wa vijiji vya jirani waliyaleta maji vichwani katika mitungi kutoka mbali. Ofisa aliyeijua kazi ya kukokota mizigo kwa maksai, Wainwright, ndiye aliyebuni namna ya kupandisha na kuteremsha boti bila kuzivunja. Lee mwenyewe, mwenye shauri, aliondolewa katika msafara kabla ya kufika ziwani, na sifa yake ikapungua kadiri ya mwingine ilivyoongezeka.

Mwishoni mwa Oktoba, baada ya kuteremka mto Lualaba na kupanda reli ya mwisho, boti zilifika Lukuga. Hatuwezi kumnyima Spicer-Simson haki yake katika safari hiyo. Alishika shabaha moja kwa miezi mitano. Hakukata tamaa mahali ambapo wengi wangerudi. Lakini ni kweli pia kwamba katika safari hiyo kila hatua ilipimwa kabla ya kukanyagwa, kama alivyozoea kupima mito. Uzito wa boti ulijulikana, mwinuko wa mlima ulitazamwa, nguvu za kamba zilijaribiwa, na wenye kuijua nchi waliulizwa. Ushindi uliofuata ulitokana na mazoea hayo.

Tarehe 26 Desemba 1915, siku ya pili ya Krismasi, Kingani ilitokea mbele ya Lukuga kupeleleza. Mimi na Toutou zikatoka. Mapigano hayakufika hata robo saa. Nahodha wa Kingani na baadhi ya watu wake waliuawa, na chombo kikatekwa, kikatengenezwa na kupewa jina Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikaja kutafuta habari za mwenzake. Fifi na Mimi zikaifukuza, zikaizamisha. Katika muda wa wiki sita hivi, ofisa aliyekuwa amesahauliwa ofisini akawa mtu wa kusifiwa na mfalme wake na kupewa nishani na mataifa mawili.

Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huko Lukuga Spicer-Simson alikuwa akivaa sketi ya kitambaa cha kijeshi badala ya suruali, na mwili wake ulikuwa umejaa chale za rangi za nyoka na ndege. Waholoholo wa ufuko ule walimstaajabia, wakampa jina la utani kwa sababu ya vazi lake la tumboni, na yasimuliwa kwamba walimfinyangia sanamu za udongo. Haidhuru mtu kustaajabiwa. Hudhuru mtu anapoanza kujistaajabia. Maofisa wa Kibelgiji waliona vigumu kushirikiana naye. Waliokuwa chini yake walichoshwa na visa alivyojisimulia, ambamo daima yeye ndiye aliyekuwa shujaa. Watu wa kumwambia ukweli wakawa wachache, au wakanyamaza.

Siku moja tu baada ya kuzama kwa Hedwig, Graf von Götzen ilipita mbele ya Lukuga ikiitafuta. Ilikuwa kubwa mno kupita vyombo vyote vya Kiingereza vikiwekwa pamoja, na ilibeba ule mzinga uliotoka Königsberg. Wenziwe walitaka kutoka kupigana. Yeye alikataa. Juu ya hilo wanahistoria wametofautiana, nasi hatuoni haja ya kumlaumu. Kujizuia mbele ya nguvu iliyo kubwa kuliko yako si woga. Jambo la kulaumiwa lilikuja baadaye, na mahali pake ni Kasanga.

Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Waingereza yalivuka mpaka kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, na Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Kikosi cha Luteni Kanali Murray kiliwaondoa Wajerumani katika boma la Namema, nao wakarudi nyuma hadi Bismarckburg, ziwani. Mpango ulikuwa mwepesi kueleweka. Murray angewabana kutoka nchi kavu, na Spicer-Simson angeziba njia ya maji. Wangefungiwa katikati, na vita vya sehemu ile vingekwisha kwa watu kujisalimisha.

Tarehe 5 Juni vyombo vya Kiingereza vilifika mbele ya boma. Bandarini yalionekana majahazi na mitumbwi, na juu ya kuta ilionekana mizinga imewaelekea. Vyombo vya Spicer-Simson vilikuwa vya mbao na vya bati jembamba, na mizinga ya ngome ingeweza kuvizamisha. Basi hakuvunja majahazi yale, wala hakubaki karibu kulinda mlango wa bandari. Aligeuka, akaenda zake Kituta, upande wa kusini wa ziwa, akatia nanga.

Usiku Wajerumani na askari wao walipanda majahazi na mitumbwi, wakaondoka kwa njia ile ile iliyoachwa wazi, wakaenda kuendelea na vita mahali pengine. Tarehe 8 Juni Murray aliingia katika boma lililokwisha hamwa. Spicer-Simson aliporudi alikuta bendera ya wenziwe inapepea na kanali amekasirika. Na masimulizi ya vita hivyo yanasema kwamba ile mizinga iliyomtisha ilikuwa magogo ya miti, yamechongwa na kuwekwa ukutani ili adui aone mizinga.

Mpimaji huyu wa mito, aliyetumia miaka yake bora akishusha timazi ili asidanganywe na uso wa maji, alidanganywa na magogo. Hakutuma mtu kutazama kwa karibu. Hakungoja mzinga hata mmoja ulie. Pale Kasanga hapakuwa na uhaba wa wajuzi. Wavuvi wa ufuko ule walikuwa wakiingia na kutoka bandarini, na watu wa Ufipa walipeleka vyakula katika boma lile miaka mingi. Mtu aliyekuwa amewauliza watu wa Katanga njia ya mlima, alipofika Kasanga akiwa na nishani hakumwuliza mtu. Yule aliyeshindwa Kasanga hakuwa mwoga. Alikuwa mtu aliyeacha kupima, kwa sababu alikuwa na sifa ambayo hakutaka kuihatarisha.

Baada ya hapo afya yake na moyo wake vilidhoofu, akarudishwa Uingereza. Nishani alizopewa hazikuondolewa, lakini hakupewa tena kuongoza vyombo vya vita. Graf von Götzen nayo ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi wa Julai 1916, Kigoma ilipokaribia kuanguka, mafundi wakiwa wameipaka grisi mitambo yake ili isiharibike majini.

Kama maisha yake yangekomea hapo tungeyaita maisha ya mtu aliyepanda haraka na kuanguka haraka. Lakini yalikuwa na sura nyingine, ambayo waandishi wengi huipita mbio. Vita vilipokwisha alitumika katika mkutano wa amani huko Ufaransa kwa sababu ya ujuzi wake wa lugha. Mwaka 1919 alikuwa mtendaji katika mkutano wa kwanza wa mataifa juu ya upimaji wa bahari, uliofanyika London. Ilipoundwa ofisi ya kimataifa ya kazi hiyo huko Monaco mwaka 1921, yeye ndiye aliyekuwa katibu mkuu wake, akaitumikia mpaka mwaka 1937. Kazi ya ofisi ile ilikuwa kuzipatanisha ramani za bahari za mataifa mbalimbali, ili nahodha wa taifa moja aweze kuisoma ramani ya taifa jingine bila kupotea. Manahodha wa pande zote za bahari, hata hii yetu ya Hindi, wamefaidika na kazi ya namna hiyo. Alistaafu akaenda kuishi Canada, katika jimbo la British Columbia, na huko akafariki tarehe 29 Januari 1947, akiwa na umri wa miaka 71.

Basi maisha haya yana funzo gani kwa watumishi wa umma na viongozi wetu? Kwanza, cheo na sifa haviwezi kuwa badala ya kwenda kuona. Taarifa inayosomwa mezani ni kama boma la Kasanga lililotazamwa kutoka ziwani. Yaweza kuwa na mizinga ya kweli, yaweza kuwa na magogo. Kuna ofisa aliyeacha mradi wenye manufaa kwa kuogopa kizuizi ambacho hakukikaribia. Kuna na mwingine aliyesifu ghala lililojaa bila kufungua mlango. Wote wawili wametia nanga Kituta. Aliye kijijini, mvuvi na mkulima, mara nyingi anajua kama ule ni mzinga au ni gogo, naye angesema kama angeulizwa.

Pili, mtu awekwe mahali panapolingana na kipaji chake. Spicer-Simson alitumika miaka kumi na sita huko Monaco kwa manufaa ya mabaharia wote, na kazi hiyo haikutungiwa sinema. Wiki zake sita za vita ndizo zilizotungiwa. Jamii inayowatukuza wapiganaji peke yao, ikawasahau wapimaji, itapungukiwa na wote wawili.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, ni suala la majina. Tunalijua jina la ofisa, tunayajua na majina ya boti zake, hata ya paka na mbwa. Lakini waliokata barabara ya Mitumba, kina mama waliobeba maji, wapagazi wa Ufipa na Unyika waliobebeshwa mizigo ya majeshi ya pande zote mbili, askari Waafrika waliokufa wakipigania bendera zisizo zao, hao hawakuandikwa. Mji wa Dar es Salaam una Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa vita hivyo, na sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927. Huku kwetu kusini ya ziwa, ambako Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha zake tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, yaani Mbala, hatua chache kuvuka mpaka, kumbukumbu ya watu wetu ni haba. Familia zilizoko Kasanga, Matai na Sumbawanga zina masimulizi ya babu waliochukuliwa. Masimulizi hayo yapasa yaandikwe na kuhifadhiwa na halmashauri na shule, kwa tarehe na kwa majina, kabla hayajazikwa na wenyewe.

Meli Graf von Götzen iliopolewa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo wenyeji wa kusini waliliita ziwa lao tangu zamani. Kwa miongo mingi ilichukua abiria na mizigo kati ya Kigoma, Kasanga na Mpulungu. Chombo kilichojengwa kwa ajili ya utawala wa kigeni kiligeuka kuwa cha akina mama wauza dagaa na wasafiri wa kawaida. Kama chuma kiliweza kutolewa chini ya maji, kikasafishwa na kupewa jina la wenyeji, historia nayo yaweza kufanyiwa hivyo. Spicer-Simson apewe sehemu yake, kubwa ya mpimaji na ndogo ya shujaa. Waliombeba nao wapewe yao.